Mshale Kwenye Sifuri

Vipande vya raba vilikuwa vimetapakaa hadi mlangoni. Mama Pacha alivifagia pamoja na unga wake mweusi, akavitupa kwenye ndoo. Kapulingi nyingine, kiungo cha mota na kompresa, ilikuwa imesagika, na kompresa ya kiwanda cha barafu imenyamaza kama mtu aliyesusa.

"Kila ikifungwa mpya inakatika," meneja alisema. "Shafti ya mota na ya kompresa zisiponyooka pamoja, kapulingi haikai. Hata mimi wa ofisini najua. Nani anakaza bolti hapa?"

"Mimi," alisema Mama Pacha.

"Basi hii nayo ikikatika, uende nyumbani ukalee watoto."

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa ameegemea bomba. Alikohoa.

Walifanya kazi hivyo tangu kabla ya ndoa: mume anasoma kipimo, mke anaingiza vibati vyembamba chini ya miguu ya mota na kukaza. Kipimo chenyewe kilikuwa na uso mdogo kama wa saa ya mkononi, na mshale mwepesi ajabu; ukilala kwenye sifuri, shafti zimenyooka. Kikishafungwa kwenye shafti, msomaji hakigusi.

"Badilishaneni," meneja alisema. "Mke asome, mume akaze."

"Hapana, bosi," Baba Pacha alidakia. "Mimi mkono wangu mzito. Vibati vile vinataka vidole vyake."

Meneja akaenda zake. Stooni zilikuwa zimebaki kapulingi mbili, moja ya raba, nyingine ya chuma.

"Tuchukue ya raba," mke alisema. "Angalau inavumilia."

"Imevumilia nini? Si hiyo kwenye ndoo? Lete ya chuma."

"Ya chuma haina msamaha, baba. Tukikosea kidogo, inaondoka na beringi zote."

"Kwani tunakosea?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nasoma kinachoonekana. Anayekaza ni wewe."

Hilo lilimchoma kuliko la meneja. Pacha walikuwa ndio kwanza wameanza sekondari, na mshahara mmoja usingewafikisha popote. Akaleta ya chuma, wakaifunga, na kipimo kikafungwa kwenye shafti.

Aliingiza kibati, akakaza, akazungusha shafti kwa mkono.

"Iko chini," mumewe alisema. "Ongeza."

Akaongeza.

"Imezidi. Toa."

Akatoa.

"Bado imezidi."

"Baba Pacha, nimetoa mpaka nilichoanza nacho. Hii mota inapanda yenyewe?"

"Labda inapumua," alisema, akacheka peke yake. "Twende tukanywe chai, umechoka."

Wakaenda. Mama Pacha alimaliza kikombe chake upesi, akatangulia kurudi. Mumewe alipoingia, akifuata ukuta kwa kiganja, alimkuta amepiga magoti kando ya mota, spana mkononi.

"Nimekaza upya," mke alisema. "Njoo usome."

Baba Pacha alichuchumaa mahali pake pa siku zote. Aliweka mikono mgongoni, akasogeza paji la uso karibu kabisa na shafti.

"Haya. Zungusha."

Akazungusha.

"Taratibu. Taratibu... hapo. Sifuri! Endelea. Sifuri juu, sifuri chini." Sauti yake ilichangamka. "Unaona sasa? Ukitulia, unaweza. Mwite meneja awashe."

"Una hakika?"

"Wewe mwanamke una maneno! Mshale umelala kama mtoto aliyeshiba."

"Angalia tena, mume wangu. Tafadhali."

Akainama tena, akakunja uso, akatazama kwa muda mrefu.

"Sifuri," alisema. "Naapa kwa wanangu."

Mama Pacha aliketi kwenye sakafu yenye maji. Aliingiza mkono katika mfuko wa ovaroli, akakishika kipimo. Alikuwa amekifungua kutoka kwenye shafti wakati mumewe bado anakunywa chai.