Swali Alilozikwa Nalo Donat

Kabla sanduku halijapigiliwa misumari, mzee Osée aliinama kama mtu anayeaga, akasukuma jiwe chini ya mkono wa mdogo wake. Akanong'ona, "Donat, sasa unaenda kwa Mwenyewe. Umuulize."

Hakuna aliyeona. Wanawake walikuwa wanalia, na mwenye kulia vizuri hufumba macho.

Jiwe lilikuwa la kijivu, lenye miduara kama kitunguu kilichokatwa. Donat alilitoa mgodini Kipushi, na mainjinia walimwambia lina miaka milioni mia nane. Osée, shemasi wa kanisa dogo huko Annexe, alikuwa amejumlisha umri wa mababu wote wa Biblia, tangu Adamu, akapata dunia nzima haifiki miaka elfu saba. Donat, Mkatoliki wa kuchelewa misa, alicheka mpaka akakohoa. "Yaya, mukubwa wangu, hata hii jiwe inakushinda uzee!"

Osée akaondoka mezani kwa Donat. Miaka kumi hakukanyaga Kipushi. Hata Donat alipougua na kutuma watu wamwite, alijibu, "Atubu ile jiwe kwanza."

Donat hakutubu. Alikufa Jumanne, na jiwe likaletwa kwa Osée pamoja na maiti.

Matanga yaliwekwa kwa Osée, kwa kuwa ndiye mkubwa. Siku ya kuyamaliza, saa nane mchana, jua lilikuwa linachoma turubai. Kwao, siku hiyo mjukuu hujipaka unga usoni, huvaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake na maneno yake. Watu wacheke, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Kazi hiyo alipewa Bénie, msichana mrefu mwenye mdomo. Basi koti lilipoingia getini likikohoa, uso mweupe, kofia mpaka kwenye nyusi, Osée alijiandaa kuchekwa.

Hakuna aliyecheka. Waliokuwa wanapakua bukari hata hawakugeuka.

Koti likakaa kando yake. "Yaya Osée. Hata munkoyo hamunipe?"

Osée akamwekea kikombe. Yule mtoto aliigiza vizuri mno. Hata lile bega la kushoto lililoinama.

"Ile swali yako," koti likasema, "niliuliza."

Osée akasikia baridi juani. Akajituliza: Bénie alisimama karibu na sanduku, na watoto wa siku hizi wana masikio.

"Na alijibu nini?"

"Alicheka, Yaya. Alisema: toka Annexe mpaka Kipushi iko kilometa makumi tatu. Ndugu yako miaka kumi hajaimaliza. Ahesabu hiyo kwanza." Likakohoa. "Basi mimi nimekuja."

Osée akamgeukia. Akasahau kwamba ni mchezo.

"Unisamehe, mudogo wangu. Kila siku ya Mungu nilikuwa navaa viatu. Navaa, halafu navua."

Mkono mkavu ukamwekea kitu kiganjani, ukamfunga vidole kimoja kimoja.

"Ilishaisha, Yaya. Fungua nikishatoka."

Koti likatoka getini polepole. Osée akabaki anapangusa machozi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa ngumi. Shemeji mmoja akamuuliza, "Tata Osée, uko nasema na nani?" Akamjibu, "Mzee huongea na nani, kama si na uzee wake?"

Hata bukari ilikuwa haijapoa, taksi ikasimama nje. Akashuka Bénie, jasho linamtiririka, mfuko begani.

"Kambo, babu yangu, munisamehe! Bus ilitufia njiani tangu asubuhi. Unga iko wapi, nijipake? Koti iko humu mu sac, bado sijaivaa."

Osée akatazama kikombe cha munkoyo. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Akafungua vidole, kimoja kimoja: miduara ya kijivu, kama kitunguu kilichokatwa, na juu yake udongo mwekundu wa makaburini, ungali mbichi.