Gari la Kukunja Paa

"Breki, mzee!"

Gichovi alikanyaga breki, na lile gari jekundu la kukunja paa, la tatu kulijaribu wiki hiyo, likasimama karibu na Karurumo. Mama mmoja alikuwa ameruka pembeni na mzigo wake wa majani ya muguka. Kiatu chake kimoja kilibaki chini ya gurudumu la kushoto.

"Kwani hukumwona?" aliuliza muuzaji wa gari, aliyeketi kando yake.

Hakuwa amemwona kabisa. Upande wa kushoto aliona ukungu tu, na daktari wa macho alikuwa amemkataza kuendesha tena.

"Jua limenipiga machoni," alisema. Jua lilikuwa nyuma yao.

Alirudi nyuma kidogo. Mama akaokota kiatu chake, akamkazia macho.

"Twende tuandikiane mkataba," Gichovi akamwambia muuzaji. "Nitalichukua."