Uso wa Mwenye Duka

Duka la Tausi la kuuza mashuka mtandaoni liliandikishwa kwa kitambulisho cha mume, kama walivyofanya wake wengi wa mtaa ule. Sasa Tausi ameachwa, na kampuni inataka kuuona uso wa mwenye duka, la sivyo inalifunga.

Shomari, aliyekuwa mumewe, akaja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Mashoga wa Tausi wakajipanga nyuma ya shoga yao.

"Fanya haraka, Mama Tunu. Nimeacha mtu njiani."

"Huyo mtu ana jina," shoga mmoja akadakia, "na tunalijua."

Tausi akainua simu. Ikaagiza: geuka kulia. Geuka kushoto. Tabasamu.

Shomari akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile la siku za uchumba, lenye kishimo shavuni, ambalo Tausi hakuwa ameliona tangu mwaka jana. Alama ya kijani ikatokea kwenye kioo: duka limethibitishwa.

"Tayari?" Shomari akauliza.

"Imekataa," Tausi akasema, simu bado kaiinua. "Tabasamu tena kidogo, Baba Tunu."

Mashoga waliiona ile kijani. Hakuna aliyefungua mdomo.

Shomari akajifuta jasho usoni, akatabasamu tena.