Ile ya Saa Kumi na Mbili

"Na mtu akishapanda, halafu abadili mawazo huko angani, anaweza kushushwa?"

Karani wa tiketi alibana midomo asicheke. Tangu alipofungua ofisi asubuhi hiyo, mama huyu aliyevaa gauni jipya la samawati, marashi yake yametapakaa chumba kizima, alikuwa akimbana kwa maswali kama wakili.

"Hashushwi, mama. Ndege si basi."

"Na kilomita ulisema ngapi?"

"Elfu sita na mia nane."

"Mbali, eh!"

Karani aliisikia sauti ikitetemeka. Abiria wa mara ya kwanza aliwajua vizuri. Woga huwaingia kwenye kilomita, kabla hata ya nauli kutajwa.

"Una mtu huko?"

"Mwanangu wa pekee. Mkali huyo! Yeye na marehemu baba yake ni shilingi kwa ya pili."

"Basi panda ya moja kwa moja, ya saa tatu asubuhi. Ndani ya saa tisa tu, umeshatua."

"Na ya kutoka huko kuja huku, ile ya saa kumi na mbili asubuhi je?"

"Hiyo usiitie akilini kabisa. Inatua njiani, halafu mnakalishwa uwanjani mkisubiri ndege nyingine. Jumla saa kumi na sita! Ukiondoka huko saa kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu, unafika hapa saa nne usiku, miguu imevimba kama maboga."

Mama akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Karani akamwonea huruma, akamsogezea glasi ya maji.

"Hakuna njia ya mkato?" mama aliuliza.

"Hakuna."

"Hata kwa mtu mwenye haraka zake?"

"Hata awe rais, mama. Akishapanda hiyo, kapanda."

Kwenye kiti cha mlangoni, mzee mmoja wa suti ya kijivu alikohoa, akatazama saa yake.

"Yule ndiye atakayekusindikiza uwanjani?" karani aliuliza.

"Yule?" Mama aligeuka, akamtazama mzee kwa jicho la upole. "Yule hata kuvuka barabara mpaka nimshike mkono."

Karani akacheka, akavuta kibodi karibu. "Haya, nikukatie ya saa tatu? Kwenda na kurudi?"

"Usijisumbue, mwanangu. Hapo ulipofika umeniponya."

Aliyanywa maji yote, akainuka, akamwekea mzee tai yake sawa. Kabla hawajatoka mlangoni, simu ilikuwa tayari sikioni.

"Ofisi ya msajili wa ndoa? Ndiyo, ni sisi. Tuandikie leo hii saa nane mchana, tunakuja na mashahidi. Yule kijana wangu aliyeapa kuja kutuzuia, kapanda ile ya saa kumi na mbili."