Mche wa Tatu

Siku hizo wanandoa hawakuruhusiwa kupata mtoto mpaka wakuze mche wa bangi hadi utoe maua. Serikali ilitaka kuona subira yao. Miche yao miwili ya kwanza ilioza mizizi. Habili alimwambia mkewe, Sikudhani, kwamba ni pupa yake ya kumwagilia, naye akakubali.

Kwa huu wa tatu, Sikudhani aliuacha udongo ukauke kwanza, akichomeka kidole kila asubuhi kabla ya kugusa kopo la maji.

Asubuhi hiyo majani yalikuwa ya manjano, na kidole kikatoka na tope. Kopo hakuwa ameligusa tangu Ijumaa.

"Habili, umeumwagilia?"

"Mimi? Hata sijausogelea. Vumilia mke wangu, tutaotesha mwingine," akasema, akimkumbatia.

Mkono wa shati lake ulikuwa umelowa.