Saini ya Msimamizi

Msimamizi wa karakana aliifuta mikono yake yenye grisi kwa fomu yangu ya chuo, kidole kwa kidole, huku akinikazia macho.

"Stashahada ya umeme, miaka miwili!" alisema. "Mama wa watoto watatu unaacha mshahara, unalipa ada, halafu urudi kukaza nati zile zile. Hizo ni akili au matope?"

Mafundi wenzangu wakaangua kicheko. Masikio yaliniwaka moto.

Hesabu hiyo nilishaipiga na mume wangu, na kila mara tuliishia kununiana. Lakini kwa miaka kumi na moja nimewafundisha kazi watu wenye vyeti, kisha wakawa mabosi wangu. Huyu alikuwa mmoja wao.

"Bosi, ile jenereta uliyoiunguza wiki yako ya kwanza, nani aliitengeneza ukapongezwa wewe?"

Kicheko kilikatika. Msimamizi aliinyoosha fomu mezani.

"Unataka nini?"

"Saini tu ya mwajiri, chuo kinaitaka. Masomo yanaanza baada ya miezi minne."

Alisaini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, akanitupia kifuani. Kisha akavuta karatasi nyingine, nyeupe, akaanza kuandika barua ya kunifukuza kazi kuanzia siku hiyo.

"Miezi minne," alisema bila kuinua kichwa, "wewe na wanao mtakula hiyo fomu."