Uji Unapoa

Walipotoka kumzika mwandishi, Mzee Abneri hakwenda kwake. Alimfuata Prisila, dada wa marehemu, mpaka sebuleni, akakionyesha kitabu alichokinunia miaka tisa. Humo mwandishi aliwatia majirani wote, na maneno yao vilevile walivyoyasema.

"Mimi sikusoma, dada. Nisomee pale marehemu mke wangu anaponiita."

Prisila akatafuta ukurasa, akasoma: "Abneri! Uji unapoa, mwanamume wewe!"

"Ndiye huyo," alinong'ona mzee. "Na mimi najibuje?"

"Hujibu."

Mzee akainuka, akavaa kofia.

"Nakuja, Leya."

Prisila akamchungulia dirishani. Hakushika njia ya nyumbani. Alikuwa anarudi makaburini, mbiombio, kama mtu aliyechelewa kula.